Tumbo la Ndege ya Abu Nayef

Abu Nayef alikuwa rubani wa ndege za kivita kwa miaka michache tu, lakini kuisimulia ajali yake kulikuwa kazi yake ya maisha. Muda mfupi baada ya vita vya Ghuba alitua bila magurudumu kwenye uwanja wa jeshi jangwani, ndege ikaburura tumbo, naye akatoka bila hata mkwaruzo. Nyumbani kwake Al-Suwaidi, Riyadh, hakuna mgeni aliyeonja kahawa bila kumezeshwa ajali hiyo. Magurudumu yalikwama, eti. Mafuta yalikuwa yakiisha, eti. Shujaa akailaza ndege chini kama mtoto mchanga.

Keziah, kadama wake, yaani mtumishi wa ndani, kutoka Vihiga, alikuwa na zamu yake katika mchezo huo. Alisimama nyuma ya mlango na birika la kahawa. Bosi akifika pale tumbo linapogusa lami, aingie, amimine, aseme, "Mashallah, baba, Mungu alikupa mikono." Wageni walipendezwa kuona hata kadama ameguswa. Kadama mwenyewe aliumwa na miguu tu. Hadithi alishaacha kuisikiliza zamani; alingoja tumbo na lami, basi.

Mkataba wake ulikuwa umeisha kitambo. Mama yake alikuwa mgonjwa, na sauti yake kwenye simu ilizidi kufifia. Keziah alitaka kitu kimoja duniani, ruhusa ya kwenda kumwona angali hai, na ruhusa hiyo ilikuwa mkononi mwa kafili, mwajiri aliyemdhamini. Kila alipoomba aliambiwa mafi, hakuna, labda baada ya Ramadhani, labda baada ya Hija. Abu Nayef hakuwa tena na cheo wala wa kumpigia saluti, na raha iliyombakia ilikuwa kumnyima mtu kile anachokililia.

"Huyo hata akizama majini, ukimwomba maji atakunyima," Laban, dereva wa nyumba, alimwambia. Laban alikuwa Mkisii, na hakupoteza muda wake kumwomba bosi chochote.

Ndipo marubani wastaafu wakaalikana Jeddah, kwa mwenzao Mansour, katika nyumba ya kale ya mawe ya matumbawe pale Balad, mji mkongwe. Keziah alipelekwa kusaidia jikoni. Jambo la ajabu, jioni ile Abu Nayef alizungumzia bei ya viwanja na ugonjwa wake wa sukari, wala hakuitaja ndege. Keziah akadhani amechoshwa na safari.

Mansour ndiye aliyeanza. Hakuna kilichokwama siku ile ya ajali, alisema. Yeye mwenyewe alikuwa kwenye mnara wa kuongozea ndege, akamwambia Abu Nayef na kumwambia tena ashushe magurudumu. King'ora cha onyo kilikuwa kikimlilia rubani masikioni, naye akajibu kwenye redio akitaka kujua ni mpumbavu gani anayempigia kelele. Alisahau tu. Kisha Mansour akafika pale tumbo lilipogusa lami.

Keziah akaingia. Akamimina, akainamisha kichwa, akasema, "Mashallah, baba, Mungu alikupa mikono."

Baraza likapasuka kwa kicheko. Mzee mmoja alitema tende. Mansour, akijifuta machozi, akamuuliza binti nani kamfundisha maneno hayo matamu, na Keziah, ambaye bado hakuwa ameelewa, akajibu kwa adabu kwamba ndivyo anavyosema kwa wageni wote, baba alimwagiza. Hapo Abu Nayef akakumbuka kwamba barabara ya Riyadh ni ndefu.

Garini alifoka mpaka wakautoka mji. Alikuwa ameaibishwa na mtumishi. "Utarudi kwenu. Halas," akasema, akatoa simu ili amtolee ruhusa ya kuondoka nchini palepale. Madam, mkewe, akamnong'oneza kwamba Ramadhani inakaribia, nani atapika? Kidole cha bosi kikasita juu ya kioo.

Keziah alikiona kidole kile. Akajua akinyamaza, amekwisha.

Akaangua kilio. "Nakuomba, baba, usinirudishe. Kwetu sina mtu. Niache hapa, nitafanya kazi hata bila mapumziko." Kisha akamalizia kwa Kiswahili, maneno ambayo hayafai kuandikwa, juu ya rubani na magurudumu yake.

Abu Nayef akamuuliza dereva anasema nini.

"Anasema akirudi kwao atakufa, bosi," Laban akajibu, macho barabarani. "Anaomba umhurumie."

Uso wa mzee ukang'aa kwa mara ya kwanza tangu Balad. "Mafi," akasema, akabonyeza.

Simu ya Keziah ikatetema mapajani, na ujumbe wa ruhusa ukafunguka. Machozi ambayo hadi hapo yalikuwa ya uongo yakaja ya kweli, akamlilia mama yake kwa sauti bila kuweza kujizuia, na Abu Nayef akageuka kitini ili aone vizuri, akiwa ameridhika kabisa.