Bani Lililozimika

Asubuhi ile Silvesta alitoka ndani, akatazama bani lake la kukaushia tumbaku, asione moshi. Bani likizimika kabla majani hayajakauka, yote hugeuka meusi, na Inyonga nzima hapatikani mtu wa kuyagusa.

Usiku mwangalizi wa moto alikuwa Aneth, binti yake. Hakuna aliyempangia. Tangu msimu wa juzi mfupa wa muundi ulikuwa ukimuuma, mchana kidogo, usiku kama unatafunwa. Vidonge vya dukani vilimtuliza kwa muda tu. Kwa kuwa hakupata usingizi, akawa anakaa kwenye tanuru la bani anachochea kuni, na nyumba nzima ikazoea kulala.

"Dada, ukipona tutaajiri bundi," kaka yake Amosi alimtania.

Mwezi uliopita Silvesta alimpeleka Aneth Dar. Daktari akamwonyesha kwenye picha uvimbe mdogo kama punje ya mtama, ndani ya mfupa. Si saratani, akasema.

"Hatupasui mguu, mzee. Tunapitisha sindano mpaka pale, ncha yake inapata moto, inauchoma. Atakuwa amelazwa kwa dawa, hatasikia."

"Moto ndani ya mfupa?"

"Kidogo tu."

"Mimi nimeishi na moto, daktari. Haujui kidogo."

Daktari akacheka. "Huu tumeufundisha. Akilala usiku kucha bila vidonge, ujue uvimbe umekwisha."

Aneth akarudi na plasta ndogo kwenye muundi. Jana jua lilipozama alichukua kanga yake, akaenda kwenye tanuru kama zamani, na hakuna aliyeona ajabu. Akiulizwa hali, alijibu, "Salama." Silvesta hakuliamini neno hilo. Hata enzi za kuuma kanga kwa maumivu alikuwa akisema salama.

Sasa alishika fimbo, akazunguka nyuma ya bani. Majivu yalikuwa yamepoa. Aneth alikuwa amelala juu ya gunia, mdomo wazi, ameulalia mguu uleule ambao zamani hakutaka hata shuka liuguse.

Silvesta akafungua mlango wa bani. Jani la kwanza lilikuwa jeusi. La katikati jeusi. Akafunga polepole, mlango usilie.

Amosi akaja mbio. "Baba! Tumbaku yote? Na huyu anakoroma? We An..."

"Funga mdomo. Ukimwamsha utanitambua."

"Lakini baba, jasho la msimu mzima!"

"Nimeona. Nina macho."

Kuku walikuwa wanakaribia gunia. Silvesta akawafukuza kwa ncha ya fimbo, kimyakimya, kisha akaketi kwenye gogo upande wa jua, kivuli chake kikamfunika binti yake usoni.

"Nenda kalale," akamwambia Amosi. "Tukipakia majani mapya, bundi ni wewe."