Picha ya Mgongo wa Mwalimu

Mgongo wa mdogo wangu naujua, nimeushonea magauni tangu akiwa mtoto. Kwa hiyo ile picha ilipoingia kwenye grupu la familia, nikiwa kwenye cherehani, sikuhitaji kuona uso. Mwanamke amesimama mbele ya sanduku la kura, anasukumia ndani fungu la karatasi. Juu yake maandishi mekundu: WIZI WA KURA UMEANZA, MTAMBUENI HUYU. Mgongoni mwa gauni, upande wa kushoto, maua yametazama chini. Nilipolishona kitambaa kilipungua, nikaunga kipande kichwa chini miguu juu, naye akacheka akalivaa hivyohivyo.

Aliyeituma ni kaka yetu. Akaongeza na lake: "Sambazeni kabla haijafutwa."

Mdogo wangu ni mwalimu wa darasa la pili. Alichukuliwa kuwa karani wa uchaguzi, na picha ni ya semina. Makarani walipewa karatasi za mazoezi, wakajaza sanduku, wakamwaga, wakahesabu, wakarudia mpaka mikono ikazoea. Siku yenyewe ya kura bado wiki mbili.

Niliacha gauni la mteja chini ya sindano, nikaenda kibandani kwa kaka anakotengeneza redio na pasi. Nilikuwa nawaka.

"Umeituma wapi?"

"Kwenye magrupu tu."

"Mangapi?"

Akahesabu vidole vikamwishia. "Kumi na moja hivi. Dada, mimi nimeituma kama nilivyoipokea. Na wizi upo, hata wewe unajua."

"Huyo ni mdogo wako."

Akacheka kwanza. Kisha akaikuza picha, kicheko kikamkauka. Akaanza kuifuta haraka haraka.

Kilichonichoma zaidi ni hiki: mteja akimwambia spika imekufa, kaka hasadiki. Anafungua redio, anaweka mita, anapima waya mmoja mmoja. Lakini picha hii hakuipima hata kwa jicho, kwa kuwa ilisema anachopenda kusikia.

"Usifute kimyakimya," nikamwambia. "Andika kwamba umekosea. Kote ulikotuma."

"Watanicheka."

"Wakucheke."

Akaandika, mimi nimemsimamia. Jibu la kwanza lilisema kaka naye ameshanunuliwa. La pili lilitaja shule anayofundisha mdogo wetu.

Tulimkuta kwangu, ameketi kwenye kiti cha wateja, madaftari ya watoto magotini. Picha ilikuwa imeshawafikia wazazi, wakaja baada ya mapumziko, wakawatoa watoto wao darasani mmoja mmoja, yeye amesimama ubaoni anatazama. Kati ya arobaini walibaki sita. Mwalimu mkuu akamwambia aende nyumbani, ataitwa mambo yakitulia. Hakumwambia lini.

"Mama mmoja alimziba mwanawe mdomo asiniage," alisema. "Mtoto yule nimemfundisha kusoma mimi."

Nilitamani kumrukia kaka. Yeye akachuchumaa mbele ya mdogo wetu, sauti imemshuka.

"Nisamehe, mdogo wangu. Wallahi sikujua kama ni wewe."

Mdogo wangu akafunga daftari la juu.

"Na angekuwa mwingine, kaka?"

Kaka akanigeukia, nami sikumsaidia kutafuta jibu.