Mikayi Hutangulia

Mvua ilikuwa imeshanyesha vya kutosha Seme, lakini Apiyo hakuwa amepanda hata punje moja. Katika boma la marehemu Ogola, mke wa pili kama yeye hakuruhusiwa kufukia mbegu kabla ya mikayi, mke wa kwanza. Na mikayi Ajwang alishinda mlangoni pake na kidonda mguuni, nywele zimeshikana, gauni ni lile lile la tangu Pasaka.

Mbegu hazikumuuma Apiyo kama wageni. Dishon, mhudumu wa afya wa kijiji, aliupita mlango wa Apiyo uliofagiwa akaenda kumbembeleza Ajwang akubali kuoshwa kidonda. Akina mama wa kanisa walimletea Ajwang uji, naye akauacha upoe. Apiyo aliyeoga kila siku alikuwa na kifua kinachombana, na hakuna aliyemuuliza ameamkaje.

Basi naye akaacha. Hakuoga, hakufagia, hakuwasha moto. Akakaa mlangoni akingoja. Dishon alipokuja, alimpungia mkono akamwambia kwamba yeye hana shida, yuko sawa siku zote. Akapita.

Kesho yake aliyekuja ni Ajwang, akiburuta mguu, jembe ndilo mkongojo.

“Nyieka, mke mwenzangu, jikoni kwako hakuna moshi.”

Apiyo alimjibu mke mwenzake kwamba anapumzika tu.

Ajwang akasogea, akanusa. “Ulikuja ukachukua nusu ya mume. Sasa unataka na uchafu wangu?”

Apiyo alishikwa na aibu, kisha hasira. Akasema anachemsha maji sasa hivi, na ataoga yeye kwanza, maana wengine wamesahau maji yanafananaje.

“Mikayi hapa ni nani?” Ajwang akauliza.

“Ni wewe.”

“Basi hata kwenye karai natangulia.”

Desturi hiyo haikuwapo, na wote wawili walijua. Apiyo alibandika sufuria. Aliuosha ule mguu polepole, huku mwenzake akinung’unika kwamba ananyonyolewa kama kuku.

Dishon alipofika alimsifu Ajwang mpaka Apiyo, ambaye bado hajaoga, akauhisi tena wivu ule ule.

“Sifa zako weka,” Ajwang akamkata Dishon. “Msikilize huyu kifua. Usiku anakohoa, mimi namsikia.”

Dishon akavuta kigoda, akaketi mbele ya Apiyo.