Muhuri Namba Kumi na Saba

Ok Gyeong-ja alikuwa na miaka hamsini na sita, na kwenye karakana ile ya uchomeleaji mjini Incheon hapakuwa na mtu aliyewahi kuutilia shaka mshono wake. Ila asubuhi hiyo ya Januari, mkaguzi Tak Se-hwan alitangaza kuwa tangi la ombwe linavuja, tena linavujia chini kabisa, palipogongwa muhuri namba kumi na saba.

Huo ulikuwa muhuri wa Gyeong-ja. Kila mchomeleaji pale hugonga namba yake kando ya mshono. Mshono ukivuja, namba inasagwa mbele ya wote na muhuri unarudishwa kwa bosi. Wake alikuwa ameutembeza mfukoni miaka ishirini na miwili.

Kupima kwenyewe ni rahisi. Tangi linanyonywa hewa yote, mtu anapuliza heliamu kwa nje, na penye tundu gesi inapenya hadi kwenye mashine ya kunusia, sindano inaruka. Tak alikuwa amepuliza mara tatu, na sindano ikaruka mara tatu. Mashine ya kusagia ilikuwa tayari mkononi mwake.

"Pole, shangazi," akasema. "Macho nayo huzeeka."

"Baba yako simjui, huo ushangazi umeutoa wapi? Hebu puliza tena nione."

Tak akachuchumaa, akaanzia chini. Gyeong-ja akakaza macho kwenye sindano, akahesabu kimoyomoyo. Iliruka alipofika nne. Hapo akaelewa, na nusura acheke. Kabla ya kuvaa koti la ukaguzi Tak naye alikuwa mchomeleaji, na wachomeleaji wamezoea argoni, gesi nzito inayolala chini. Mkono wake ulikuwa bado unafuata argoni, ilhali heliamu ni nyepesi na hupanda juu. Tena kwa ajili ya baridi alikuwa amejiwekea hita miguuni.

Mambo haya Gyeong-ja aliyajua kwa jasho. Alipokuwa na miaka arobaini na tisa, mtihani wa leseni ya daraja la juu ulimwangusha mara mbili kwa swali lilelile la mwendo wa molekuli. Akalibandika jibu kwenye mlango wa friji ya kimchi, ile kabichi iliyochachushwa, akalisoma mwaka mzima kila alipokwenda kuchukua mboga.

"Argoni ina uzito mara kumi wa heliamu," akamwambia bosi, Mzee Seok, aliyekuwa amekuja na kikombe chake cha kahawa. "Kwenye joto moja, molekuli ya heliamu inaiacha argoni zaidi ya mara tatu kwa mbio. Ukiipasha moto ndiyo inazidi. Huyu kaipuliza chini, kaiwekea na hita ya kuipandisha, halafu anashangaa imeingilia juu. Kama mshono wangu ungekuwa na tundu, sindano isingengoja hadi nne."

Mzee Seok akainama. Akaichomoa hita.

Wakafungua milango ya karakana hadi gesi yote ikatoka. Gyeong-ja akapanda ngazi, akapuliza kidogo tu kwenye kifuniko cha juu, na sindano ikaruka kabla hajaondoa kidole. Akakifunika kifuniko kwa mfuko wa plastiki, akauzungushia utepe, kisha akashuka na kuupuliza mshono wake bila huruma. Sindano haikutikisika hata kidogo. Furaha ilimpanda hadi masikioni.

Walipokifungua kifuniko, pete ya shaba ya kuzuia hewa iliyokaa ndani ilikuwa na mkwaruzo wa urefu wa punje ya mchele. Mzee Seok akauliza nani aliifunga. Tak akavitazama viatu vyake, akasema ni yeye.

"Kuanzia leo tunaanzia juu," akaongeza kwa sauti ndogo. "Nisamehe, mwalimu."

"Lete nyundo," Gyeong-ja akamwambia.

Akauweka muhuri wake juu ya alama ileile, akapiga pigo moja lililosikika karakana nzima. Namba kumi na saba ikazama kwenye chuma, kiasi kwamba hata asiyeona angeisoma kwa kidole.