Sahani ya Zipora

Siku ya kwanza ya mafunzo yake kwa vitendo, Zipora Maganga alichukua trei, akapanga foleni kwenye bwalo la juu la mgodi, akapakuliwa kuku wa kuokwa kwa krimu, viazi vya kuponda na saladi. Akatembea hadi meza ya dirishani. Alipoketi, sahani yake ilikuwa na ugali wa udaga, ule unga wa muhogo uliovundikwa, maharage, na mlenda kidogo pembeni, vyote vikifuka moshi.

Akainuka, akarudi kwa mpishi.

"Samahani kaka, nadhani nimechukua sahani ya mtu."

Mpishi, jina lake Abel, aliinama akanusa. "Hiki ni chakula cha bwalo la chini," alisema. "Sisi huku hatupiki mlenda, unateleza kwenye uma." Akampa kijiko, akaendelea kupakulia wengine.

Mgodi huo, ng'ambo kidogo ya Rwamgasa, ulikuwa na mabwalo mawili yaliyotenganishwa na ukuta. La juu lilikuwa la wageni kutoka nje, la chini la wenyeji. Utaratibu huo haukuwa umemsumbua mtu hadi alipokuja Zipora. Pasipoti yake ilitoka Norwei, alikozaliwa na alikokuwa akisomea jiolojia. Uso wake ulitoka Nyasubi, Kahama, kwa shangazi yake, pamoja na mwanya. Mlinzi wa geti la ukutani, Masudi, alimtazama uso akamwelekeza chini. Afisa utumishi, Bwana Stanslaus, alitazama pasipoti akamrudisha juu. Wiki ile Zipora alitembea zaidi kati ya mabwalo kuliko kwenye miamba.

Mwenyewe alitaka chini. Nyumbani kwao baba yake aliongea Kiswahili siku zote, na Kisukuma alipogombana na simu tu, lakini habari za udaga alizisimulia kwa lugha zote mbili huku akimeza mate. Kwa ajili hiyo hasa Zipora alikuwa ameomba nafasi Geita. Miamba iko hata Norwei.

Basi siku Bwana Stanslaus alipokuwa safarini Chato, Zipora aliteremka.

"Shikamoo mama," alimwamkia mpishi wa chini.

"Marahaba, mwanangu. Karibu," alijibu Mama Enock, akamwekea bonge la ugali lenye kutosha watu wawili.

Zipora alinawa, akaketi, akanyoosha mkono. Vidole vyake vikazama kwenye krimu.

Alimtazama kuku yule kwa muda. "Hata chakula kinajua mimi ni mgeni," alisema.

"Kama huli, leta," alisema Ngassa, dereva wa lori la mawe, aliyeketi mkabala naye. Akamega paja, akatafuna polepole. "Ni kuku. Sisi tuliambiwa kuku hawawezi kufika huku kwa sababu barabara ni mbaya."

"Barabara ni hiyo hiyo moja," alisema Mama Enock.

Meza nzima ikaanza kuifikiria barabara.

Kesho yake wachimbaji walimwomba Zipora awabebee sahani zao. Hakuona ubaya. Alizichukua kutoka kwa Mama Enock zikiwa na maharage, akazitua mezani zikiwa na samaki wa kukaanga kwa siagi na kipande cha keki. Wakati huo huo, upande wa pili wa ukuta, wahandisi walijikuta wanatazamana na maharage. Mmoja aliomba chumvi. Mwingine alisema yanamkumbusha jeshini. Meneja wa mgodi alikula yote, akaongezewa, akafuta mdomo, kisha akaitisha kikao.

"Maharage ni mazuri sana," alianza meneja. "Lakini mtu kukaa mezani akaletewa chakula duni kuliko cha mwenzake wa ng'ambo ya ukuta, hiyo si haki."

"Ndicho na sisi tunachosema," alisema Ngassa kutoka nyuma.

Meneja alimshukuru kwa kumuunga mkono.

Bwana Stanslaus akamgeukia Zipora. "Wewe binti, unapenda kula wapi?"

"Napenda kula ugali, nikiwa nimekaa na Mama Enock."

"Hilo halipo. Taja lingine."

Akarudia lile lile. Wakamjaribisha sehemu mbalimbali. Kwenye ngazi za ofisi sahani ilibaki tupu. Kwenye maegesho ya malori ikajaa wali wa mtu asiyejulikana. Mwishowe wakamweka kwenye kibanda cha Masudi, pale getini katikati ya ukuta, na hapo sahani ikatulia: nusu kuku na krimu, nusu udaga na mlenda, na mstari mwembamba katikati.

Zipora akawa anakula chakula chake hapo. Siku za mwanzo alikula kwa huzuni, upande mmoja kwanza kisha wa pili. Halafu siku moja tonge lilimponyoka likaangukia kwenye krimu. Akalionja. Akachovya lingine kwa makusudi. Masudi hakumuuliza kwao ni wapi. Alimuuliza kama ataimaliza ile shingo ya kuku.

Jioni alimpigia baba yake simu.

"Udaga na krimu," alirudia baba. "Ni tamu?"

"Tamu sana, baba."

"Usimwambie shangazi yako."

Zipora alicheka mpaka akalazimika kukaa chini. Kicheko kilikuwa cha shangazi kabisa, akakiacha kitoke chote.

Kampuni iliridhika na ufumbuzi huo. Kabla mafunzo yake hayajaisha, kibanda kilivunjwa, pakajengwa chumba kizuri chenye feni, meza moja na viti viwili, na juu ya mlango pakaandikwa BWALO LA KATI. Ili chumba kikae vizuri, ukuta uliongezwa kimo pande zote mbili. Meneja alikata utepe, akahutubia juu ya umoja, na wote wakapigwa picha, Zipora akiwa katikati ameshika sahani.

Ngassa na wenzake walipiga makofi wakiwa upande wao. Kisha wakapanga foleni, kwa sababu Mama Enock alikuwa ameshaanza kupakua maharage.