Saa Kumi Kamili

Mstari ulikatiza ubao kutoka ncha hadi ncha, mnyoofu kiasi kwamba wanafunzi wa nyuma walinyanyuka kuutazama. Upande mmoja Bacar aliandika Moroni, upande wa pili Mutsamudu, kisha akaipangusa chaki vidoleni na kuligeukia darasa.

Ulikuwa mwaka wa kwanza wa uhuru. Walimu wa Kifaransa walikuwa wamefunga masanduku yao na kuondoka, na Bacar, ambaye hadi juzi alifundisha watoto wadogo kujumlisha na kutoa, alipandishwa ghafla akafundishe hesabu kwenye shule ya sekondari. Vitabu alivyoachiwa vilijaa treni. Treni inatoka mji huu saa mbili, nyingine inatoka mji ule saa tatu, zitakutana wapi? Hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyewahi kuona reli, wala mwalimu wao. Basi Bacar akazifuta treni zote, akaweka maboti ya visiwa vyao wenyewe. Alijivunia jambo hilo kuliko hata cheo chake kipya.

Siku hiyo mkono mmoja ulinyooshwa. Ulikuwa wa Moinafouraha, msichana aliyekuja kila asubuhi kwa miguu kutoka Ntsoudjini.

"Mwalimu, boti hiyo itapita juu ya mlima?"

Darasa likaangua kicheko. Bacar naye alitabasamu, akangoja kicheko kiishe.

"Katika hesabu hakuna mlima, binti yangu. Kuna umbali, mwendo na muda. Ukivijua viwili, cha tatu hakina pa kujificha."

Aliipenda sentensi hiyo. Tangu aanze kufundisha pale alikuwa akiirudia karibu kila kipindi.

Juma moja baadaye, jua likianza kuchomoza, mtu wa bandarini alibisha hodi kwenye chumba chake katika mtaa wa Magoudjou, hapo Moroni. Hakuhitaji kusema mengi, maana uso wake ulikwisha kusema. Bi Nouriat, mama yake Bacar, aliyekuwa amelazwa mwezi mzima hospitalini Hombo, huko Mutsamudu kwenye kisiwa cha jirani, alikuwa ameaga dunia wakati wa sala ya alfajiri.

Bacar alivaa kanzu yake. Hakulia. Alilokuwa nalo kichwani ni ahadi. Likizo iliyopita mama yake alikuwa amemshika kiganja, akamwambia waziwazi, kama mtu anayeagiza chumvi dukani: "Wewe ndiye utakayeshuka kaburini kunipokea. Mzaliwa wangu wa kwanza. Usimwachie mtu mwingine." Naye alijibu kwamba atakuwepo. Bi Nouriat akacheka akamtazama mwanawe wa pili, Rachadi, aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia wakati wenzake wamekwisha kula. "Bacar akisema saa, ni saa," alisema. "Huyu akisema leo, mimi naandaa chakula cha kesho."

Bandarini kulikuwa na boti moja tu ya mizigo iliyokuwa ikijiandaa kung'oa nanga saa moja, kuelekea Mutsamudu na shehena ya saruji. Nahodha wake, Soilihi, mtu wa makamo mwenye sauti ya kukwaruza, alimkubalia abiria huyu bila maswali.

"Tutafika saa ngapi, Nahodha?"

"Jioni, Mungu akijaalia."

"Jioni saa ngapi?"

"Jioni, Mwalimu," alisema Soilihi, akarudi kwenye magunia yake. Alichoongeza kabla ya kuondoka ni kwamba boti yake hukata maili nane kwa saa bahari ikiwa shwari.

Ndani ya ofisi ya bandari karani wa redio alikuwa akimngoja. Upande wa pili wa mawimbi, kwenye bandari ya Mutsamudu, alisimama Koultoumi, dada yake. Wazee walitaka maiti izikwe adhuhuri, akaeleza karani. Kwa ajili ya mzaliwa wa kwanza wangekubali kungoja, lakini hawawezi kungoja bila kujua wanangoja mpaka lini. Walitaka saa.

Bacar alitazama ramani kubwa ukutani, akaomba rula. Jioni! Mtu mzima, nahodha, anajibu hivyo wakati maiti iko ndani. Aliilaza rula kutoka Moroni hadi Mutsamudu. Sentimita kumi na tatu na nusu. Kilomita mia moja thelathini na tano. Maili nane za baharini ni karibu kilomita kumi na tano. Akagawanya kwa kichwa. Tisa, bila baki. Hata katika msiba ule alihisi kitulizo kidogo moyoni, kile alichokihisi kila hesabu ilipokubali.

"Saa kumi," alisema kwenye kipaza sauti.

"Saa kumi, kaka?" Sauti ya Koultoumi ilikuja ikikatikakatika.

"Saa kumi kamili nitashuka bandarini."

Boti ilitoka, ikageuza omo, pua yake, kusini. Bacar aliketi juu ya magunia, akangoja igeuke mashariki. Nusu saa ikapita. Upande wa kushoto ulisimama mlima Karthala, mkubwa, umejifunika wingu hadi mabegani, na haukuelekea kuondoka.

"Nahodha, tutageuka mashariki lini?"

"Tukiimaliza ncha ya kusini." Soilihi alimtazama kwa mshangao. "Au ulitaka tupande mlimani?"

Hakusema kwa ubaya. Lakini Bacar aligeuka akautazama mlima tena. Aliiona rula ukutani, iliyonyooka vizuri, ikipita katikati ya mlima wa moto. Aliuona mkono wa Moinafouraha hewani. Alitoa penseli, akaandika pembeni mwa mfuko wa saruji: arobaini hadi nchani, mia na kumi kutoka hapo. Mia na hamsini. Saa kumi za safari. Atafika saa kumi na moja.

"Umewaambia saa ngapi?" aliuliza Soilihi, ambaye alikuwa ameyasoma yale maandishi.

"Kumi."

Nahodha alirudi kwenye usukani wake. "Injini yangu ina mwendo huu mmoja, Mwalimu. Ningekuwa na mwingine ningekupa."

Botini hamkuwa na redio. Kutwa nzima Bacar alikaa na jibu sahihi ambalo hakuwa na mtu wa kumpelekea. Hakuwa amewahi kuteseka hivyo. Alijifariji kwamba saa moja si kitu, kwamba watu wa msiba hungoja, kwamba magharibi bado iko mbali. Kisha alijiona mjinga, akajifariji tena. Saa yake ya mkononi ilipoonyesha kumi, Mutsamudu ilikuwa kilomita kumi na tano mbele yake. Hesabu hiyo haikuwa na kosa.

Alipofika nyumbani wanaume walikuwa wanatawanyika mlangoni, kanzu zao zina vumbi jekundu miguuni. Mjomba wake, Assoumani, alimkumbatia.

"Bahari, mwanangu. Bahari haina saa. Hakuna atakayekulaumu."

Wengine waliitikia kwa vichwa. Bacar aliingia ndani. Koultoumi alikuwa ameketi mkekani kati ya wanawake, na alipomwona kaka yake alijifunika uso kwa shiromani.

"Ni mimi," alisema. "Rachadi aliomba tungoje zaidi. Wazee wakaniuliza mimi, kwa kuwa ndimi niliyezungumza nawe. Nikawaambia Bacar hakosei saa. Ikiwa saa kumi hayupo, basi boti haikutoka Moroni. Angekuwa mtu mwingine yeyote ningemngoja mpaka magharibi. Nimemzika mama bila wewe, kaka. Mimi ndiye niliyesema mwinueni."

Udhuru ulikuwa pale mlangoni, umekwisha kutayarishwa na wakubwa. Ilitosha akae kimya, na bahari ingebeba lawama. Lakini bahari isingembebea Koultoumi yale aliyokuwa akijibebesha. Bacar aliketi chini mbele yake.

"Bahari ilikuwa shwari kutwa," alisema, kwa sauti ya kusikika hadi barazani. "Niliweka rula kwenye ramani nikapiga mstari toka mji hadi mji. Nilisahau mlima."

"Mlima?"

"Mlima mzima. Wewe uliningoja kama nilivyokuambia. Kosa ni langu peke yangu."

Koultoumi aliushusha ule mtandio, akamtazama kaka yake kwa muda mrefu. Machozi yalimtoka upya, na katikati ya machozi midomo yake ikacheza.

"Mama angekucheka mpaka ukome," alisema. Kisha akamwegemea begani, naye Bacar, kwa mara ya kwanza tangu alfajiri, akalia.

Rachadi alimkuta uani akinawa uso. Mikono ya Rachadi bado ilikuwa na udongo kwenye kucha.

"Mimi ndiye niliyeshuka," alisema, akiangalia chini.

"Najua. Ahsante, ndugu yangu."

"Nilikuwa nimeshika mbele ya jeneza. Nikatembea polepole. Wazee walinigombeza njia nzima, maiti haicheleweshwi, lakini nilizidi kuburuta miguu. Nilijisemea, labda safari hii na yeye kachelewa, kama mimi." Alifuta pua kwa mkono wa kanzu. "Kule juu nikageuka kuangalia bahari. Niliiona boti. Nikasema ile siyo yake, yake ilikuwa ya saa kumi."

Jua lilikuwa limebakiza kiasi cha shibiri moja kuzama. Makaburini kulikuwa juu ya kilima, na Bacar, ambaye tangu utotoni alizijua hatua za njia ile kwa idadi, alifungua mdomo kusema kama watawahi au hawatawahi kufika kabla ya giza. Akaufunga.

"Nipeleke," alisema.

Rachadi alitangulia, akapanda kwa mwendo wake uleule wa kuburuta miguu, na kaka yake akamfuata nyuma.