Kosa la Mstari wa Kumi na Tisa

Seremala aliliona kosa asubuhi, kikombe cha chai kikiwa mkononi, na chai ikapoa bila kunywewa.

Picha ile ya vipande vya mbao ilikuwa imelazwa sakafuni mwa karakana, ikisubiri kutundikwa maktaba keshokutwa. Kanuni yake aliitunga mkewe, mwalimu wa hesabu aliyestaafu. Kila kipande kinatazama viwili vilivyo juu yake: vikifanana rangi, chenyewe kinakuwa cheupe, vikitofautiana, cheusi, tena kinene ili kitokeze. Basi. Kwa kanuni hiyo tu zilijitokeza pembetatu ndani ya pembetatu, utadhani zimechorwa. Mume alikata na kupaka rangi, mke akapanga na kugandisha. Mume hakuwahi kumkagua mkewe. Nani akague hesabu za Mwalimu?

Sasa akapiga magoti, akafuata kwa kidole. Mstari wa kumi na tisa, kosa moja. Wa ishirini na tatu, mawili. Kuanzia wa arobaini hakukuwa na kanuni tena. Vipande vilibandikwa tu.

Mkewe akaingia. “Imependeza, Fundi?”

“Imependeza.” Akagusa vipande viwili vya mstari wa kumi na nane. “Hebu nikumbushe, Mwalimu. Hivi viwili vimetofautiana. Chini yake tunaweka nini?”

Mkewe aliduwaa, kisha akacheka kicheko cha kukwepa. “Wewe nawe! Kanuni yako, unaniuliza mimi?”

“Ni yako, mke wangu. Wewe ndiye uliyeitunga. Jaribu, tafadhali. Kimoja tu.”

“Usinikodolee macho hivyo.” Akageuza uso. “Imenitoka. Siku nyingi sasa. Niliogopa kukuambia.”

Fundi akachukua patasi, akaanza kubandua kana kwamba akirudisha vipande mahali pake, na kumbukumbu ya mkewe itarudi. Gundi ilikuwa imeshakauka kabisa. Mbao zilipasuka moja baada ya nyingine, vidole vikamchubuka, naye hakuacha mpaka mkewe alipomshika bega.

Fundi akapiga simu maktaba, akawaambia picha itakuwa fupi: mistari kumi na minane. Kisha akawasha msumeno, Mwalimu akimshikia ubao.

“Mbona tunakata?” Mwalimu akauliza.

Fundi akamweleza. Baada ya muda mkewe akauliza tena. Akamweleza tena, kwa upole. Alipouliza mara ya tatu, Fundi alizima msumeno, akakaa kwenye vumbi la mbao.